Kwa nini kwenye picha za zamani hakuna anayecheka?

#1 MguuMmoja
Wakuu salaam. Wiki ya tatu sasa niko ndani, mguu uko kwenye plasta mpaka juu ya goti. Tamthilia zimeniishia. Kitabu cha historia nikikishika nasoma kurasa mbili, nalala. Nikahamia kwenye picha za kale, na huko ndiko nilikopotelea. Kumbe makumbusho makubwa yamemwaga hazina zao mtandaoni! Smithsonian mwaka 2020 waliachia picha milioni 2.8 kwa mpigo, pakua utakavyo, hakuna wa kukuuliza. Maktaba ya Bunge la Marekani ndiyo usiseme, unaingia asubuhi unatoka usiku.

Sasa nimepitia mamia ya picha za karne ya 19 na kuna jambo linanisumbua. Hakuna anayecheka. Bwana harusi kanuna, bi harusi kanuna, watoto wamenuna, kuna familia moja hadi mbwa kanuna. Mimi nasema maisha yalikuwa magumu, hawakuwa na la kuchekea: vita, ndui, watoto kufa wachanga. Au kuna sababu nyingine? Wajuzi karibuni.

#2 KitiChaMbele
Naweka kambi hapa.

#3 Pundamilia77
Mkuu, hili mbona jepesi. Kamera zilikuwa kobe. Picha ya Mfaransa Niépce ya 1826 au 1827, ile ya mapaa yaliyoonekana dirishani kwake, ilikula saa nyingi za jua. Halafu kuna ya Daguerre ya 1838, mtaa wa Boulevard du Temple, Paris. Mtaa wenye pilikapilika, lakini pichani ni mtupu kama kuna tangazo la hatari. Watu na magari ya farasi walipita wasinaswe. Aliyenaswa ni jamaa aliyesimama kung'arishiwa viatu, kwa sababu alitulia. Sasa wewe kenua meno dakika tano bila kutikisika uone kama hukuishia kulia. Mjadala ufungwe.

#4 BintiWaMakabrasha
Usiufunge bado, kaka Pundamilia. Ulichosema ni kweli kwa miaka michache tu ya mwanzo, na Niépce mwenyewe hakumpiga mtu yeyote pale, alipiga mapaa.

Daguerre alitangaza ugunduzi wake 1839, na mwaka huohuo Robert Cornelius kule Philadelphia akajipiga mwenyewe. Miaka ya 1840 ilipoanza, lenzi mpya ya Petzval na kemikali kali zaidi zilishusha muda hadi chini ya dakika moja. Ikaja kolodioni mbichi ya Archer mwaka 1851, yaani kupiga kwenye kioo kilichopakwa dawa ikiwa bado mbichi, hapo tunazungumzia sekunde chache mwanga ukiwa mzuri. Mwaka 1878 Muybridge alimnasa farasi akikimbia, kwato zote nne ziko hewani. Farasi! Anayekimbia! Kama farasi alinaswa 1878, mbona mwaka 1895 bi harusi bado amenuna?

Mimi kazi yangu ni kupanga na kuskani nyaraka na picha, kwa hiyo nyuso hizi naziona kila siku ya Mungu. Muda wa kamera unaeleza kipande, haumalizi.

#5 KichwaMaji
Meno jamani. Meno! Hakukuwa na dawa ya meno wala daktari wa maana. Ukicheka unaaibika. Nani ataka mapengo yake yatazamwe na wajukuu?

#6 Pundamilia77
#4 nimekubali nusu. Nusu nyingine naibakiza, maana kupungua kwa muda hakumaanishi mpiga picha aliacha kusema "tulia usitikisike". Mazoea hayafi siku kamera mpya inapotoka.

#7 MzeeWaRangi
KichwaMaji, kama kila mtu ana mapengo, aibu inatoka wapi? Aibu huja pale jirani ana meno na wewe huna.

Mimi nilikuwa mchoraji wa mabango kabla macho hayajaanza kunisaliti, na nasema mizizi iko kwenye michoro. Kabla ya kamera mtu mwenye uwezo alikuwa anachorwa. Kukaa kuchorwa ni kikao baada ya kikao, na uso uliotakiwa ni wa mtu mwenye heshima zake. Midomo iliyo wazi walichorewa walevi, wendawazimu na watoto. Mwaka 1787 mama mmoja mchoraji wa Ufaransa, Vigée Le Brun, aliyekuwa akimchora malkia Marie-Antoinette, alijichora na bintiye akiwa ameachia midomo kidogo, meno yanachungulia. Kidogo tu! Paris wakubwa walisonya. Kamera ilipokuja, watu walibeba adabu ileile ya kuchorwa wakaingia nayo studio. Hawakwenda kuonyesha furaha. Walikwenda kuacha sura.

#8 MguuMmoja
Mzee wa Rangi nakupa maua yako mapema. Sasa swali jingine kabla sijasahau. Kwenye picha kadhaa nimeona, nyuma ya miguu ya aliyesimama, mguu wa chuma umechungulia. Nimesoma mahali kwamba hiyo ni ishara aliyesimama ni MAITI, wameisimamisha wapige picha ya mwisho. Nimekosa usingizi, nakaa peke yangu humu ndani.

#9 KitiChaMbele
Mama yangu. Kambi yangu naihamishia mlangoni.

#10 BintiWaMakabrasha
Lala mkuu. Hiyo ni chai inayosambaa mtandaoni miaka nenda rudi. Chuma kile kilikuwa cha kumsaidia mtu aliye hai asiyumbe: nguzo yenye kishikio kinachogusa kisogo au kiuno. Hakina nguvu ya kusimamisha mwili uliokufa, ungeanguka nacho. Ni kweli watu walipiga picha za marehemu wao, hasa watoto, lakini wengi wamelazwa kitandani au wamepakatwa, wanaonekana kama wamesinzia. Ukiona chuma nyuma ya kiatu, ujue huyo alikuwa hai na pengine alikuwa anawashwa pua.

Na ukitaka cha kutisha kweli, tafuta picha za watoto wachanga za wakati wa Malkia Victoria ambamo mtoto amekaa juu ya kitu kilichofunikwa shuka au pazia. Angalia vizuri. Hilo pazia lina mabega. Ni mama mtu, kafunikwa gubigubi amshike mwanawe atulie, halafu picha ionekane mtoto kakaa peke yake.

#11 KichwaMaji
Nimetafuta. Nimeona. Nimezima simu nikaiwasha tena.

#12 NgomaYaJuzi
Wote mnazunguka. Kilichobadilika ni biashara. Kodak ya Eastman ilitoka 1888 na ahadi yake ilikuwa wewe bonyeza, mengine tuachie sisi. Mwaka 1900 ikaja Brownie, kisanduku cha bei ya chini hadi mtoto aliweza kupewa. Picha ikatoka studio ikaingia uani, ufukweni, kwenye sherehe. Na kwenye matangazo yao kila mtu anafurahi, kwa sababu ndicho walichokuwa wanauza: furaha ya kuhifadhi. Watu waliiga matangazo. Kucheka mbele ya kamera tumefundishwa na muuza filamu, na bado tunalipa karo.

#13 MzeeWaRangi
Hii ya #12 nimeipenda, lakini inaeleza walivyoanza kucheka, haielezi kwa nini hawakuwa wakicheka. Ni maswali mawili.

#14 NgomaYaJuzi
Ni swali moja lenye milango miwili, mzee wangu.

#15 Safari_ya_Kiganjani
Wakuu, si kweli kwamba hakuna anayecheka. Kuna picha maarufu iliyopigwa China kati ya 1901 na 1904, kwenye msafara wa Berthold Laufer, iko American Museum of Natural History. Jamaa kakaa na bakuli la wali, vijiti mkononi, kacheka meno yote nje, macho yamefumba kwa raha. Ukimwona utadhani kapigwa jana kwa simu. Kumbuka huyo hakuwa studio, hakulipia, na huenda hakuwahi kuona michoro ya wakubwa wa Ulaya. Hakuna aliyemwambia kwamba mbele ya kamera watu hununa.

#16 Pundamilia77
Au aliambiwa acheke. Au aliyepiga alifanya kichekesho. Umejuaje?

#17 Safari_ya_Kiganjani
Sijui. Lakini na wewe hujui kama bi harusi wa 1895 aliambiwa anune.

#18 BintiWaMakabrasha
Hapo #16 na #17 mmegusa penyewe. Tunapozitazama hizi picha tukiwa tumekaa kwenye kochi tunasahau kwamba kuna mtu wa tatu, yule aliyejificha nyuma ya kamera, na ana mambo yake.

Mfano wa kwanza. Vita vya Crimea, 1855. Roger Fenton alipiga bonde lililomwagikiwa mizinga. Kuna picha mbili, kamera iko mahali palepale. Kwenye moja, barabara ina marisasi ya mizinga yametapakaa. Kwenye nyingine, barabara nyeupe, marisasi yako mtaroni pembeni. Watu wamegombana miaka mingi ipi ilitangulia: je, yalikuwa barabarani yakaondolewa, au yalikuwa mtaroni yakapangwa barabarani ili vita ionekane vita?

Mfano wa pili. Edward Curtis alizunguka Marekani akipiga picha za Wahindi Wekundu kama watu wa kale wanaotoweka. Mwaka 1910 alipiga wanaume wawili wa kabila la Piegan ndani ya hema lao. Katikati yao kulikuwa na saa ya mezani. Kwenye picha aliyoichapisha, saa haipo. Imefutwa. Picha ya asili, yenye saa, bado ipo na imewekwa mtandaoni, unaweza kuilinganisha na iliyochapishwa bila kuinuka.

Sasa kama mpiga picha anaweza kufuta saa, atashindwa kumwambia mtu asicheke? Kwenye picha nyingi za watu waliotawaliwa, uso wa kununa unaweza kuwa agizo. Au hasira. Au woga wa mgeni mwenye sanduku la miguu mitatu.

#19 KitiChaMbele
Saa imefutwa!!! Historia ina wahuni.

#20 Kiokote
Samahani kwa kuchelewa kuingia. Wanaotaka picha za Afrika Mashariki watafute mkusanyiko wa Winterton, uko chuo kikuu cha Northwestern na umewekwa mtandaoni, maelfu ya picha za kuanzia miaka ya 1860 hadi 1960. Dokezo: usitazame ile ndogo inayojitokeza kwanza. Pakua faili kubwa kuliko zote halafu vuta karibu. Mimi hutazama pembeni ya picha kabla ya katikati. Katikati ni kile mpiga picha alitaka uone. Pembeni ndiko kuna mtoto anachungulia, kandambili zimevuliwa, mtu anacheka akidhani hayumo.

#21 MguuMmoja
#20 nimekufuata jana usiku nikavuta karibu hadi saa tisa. Na hii imenipa wazo. Ndani kwetu kuna picha moja tu ya zamani, ya babu mzaa babu. Kavaa koti, kasimama karibu na kiti, kanuna kama wenzake. Familia nzima inajua ilipigwa 1898. Shangazi ndiye mtunzaji, kaniazima kwa huruma ya mguu. Je, mnaweza kunisaidia kujua kama ni 1898 kweli? Mbele nimeskani, hii hapa.

[picha]

#22 KichwaMaji
Babu ana mapozi. Mbwa wake yuko wapi?

#23 BintiWaMakabrasha
Picha safi sana. Sasa nisikilize: skani na NYUMA. Watu huskani mbele wakasahau nyuma, wakati mara nyingi nyuma ndiko kuna ushahidi. Muhuri wa studio, maandishi ya penseli, aina ya karatasi. Marekani, kwa mfano, picha zenye stempu ya kodi nyuma ni za kati ya Agosti 1864 na Agosti 1866, maana kodi hiyo ilidumu miaka miwili tu. Mtu asiyegeuza picha hawezi kujua hilo maisha yake yote. Nyuma ya yako kuna nini?

#24 MguuMmoja
Nitaskani kesho dada, skana iko juu ya kabati na mimi na ngazi hatuelewani kwa sasa. Hapa naitazama kwa macho: imechapwa kama postikadi. Mstari katikati, kushoto mahali pa ujumbe, kulia mahali pa anwani. Pembeni kiboksi cha stempu. Kuna maneno ya penseli yamefifia sana, siyasomi.

#25 Kiokote
Mstari katikati? Basi 1898 imeondoka. Zamani upande wa nyuma wa postikadi ulikuwa wa anwani peke yake, ujumbe ulibanwa mbele pembeni mwa picha. Uingereza iliruhusu mgongo wa kugawanywa mwaka 1902, Ujerumani 1905, Marekani 1907. Kadi yenye mstari haiwezi kuwa ya 1898.

#26 MguuMmoja
Shangazi atanifukuza kwenye ukoo.

#27 MzeeWaRangi
Taratibu. Kadi haiwezi kuwa ya 1898, lakini picha inaweza. Watu walikuwa wanapeleka picha ya zamani studio, inapigwa picha upya, inachapwa kwenye karatasi mpya ili kila ndugu apate yake. Karatasi inakupa umri wa nakala, haikupi umri wa babu.

#28 Pundamilia77
Mzee yuko sahihi, lakini tazameni mkono. Ana saa ya mkononi! Wanaume wengi walibeba saa za mfukoni, za mkononi zilionekana za kike mpaka Vita Kuu ya Kwanza ilipowalazimisha wanajeshi kuzivaa. Kwa hiyo hii ni ya baada ya 1914. Halafu saa iko mkono wa KULIA, maana yake picha imegeuzwa kama kioo. Mnakumbuka Billy the Kid, yule jambazi wa Marekani? Miaka mingi dunia iliamini alikuwa wa mashoto kwa sababu ya picha yake moja, kumbe picha za bati hutoka zimegeuka. Walishtuka walipotazama bunduki yake ya Winchester ya 1873: mlango wa kuingizia risasi uko kushoto, wakati bunduki ile inao kulia tu.

#29 BintiWaMakabrasha
Habari ya Billy ni kweli. Ila picha ya bati haina negativu (ile filamu au kioo cha kuchapia nakala), ndiyo maana hugeuka. Ya karatasi hupitia negativu na kurudi sawa, isipokuwa fundi aliiweka kinyume. Kipimo ni koti. Koti la kiume, upande wa kushoto wa mvaaji hulala juu ya kulia. Nimevuta karibu: kushoto kuko juu. Haijageuzwa. Basi babu alivaa saa mkono wa kulia.

#30 Pundamilia77
Basi babu alikuwa wa mashoto. Nimetoka na kitu.

#31 NgomaYaJuzi
Au saa si yake. Studio zilikuwa na kabati la kuazimisha: koti, tai, kofia, saa, kitabu cha kushika hata kama husomi. Mpiga picha kamfunga mkono uliokuwa unaonekana vizuri kwenye mwanga. Mkono wa kushoto uko nyuma ya kiti, angalieni.

#32 Safari_ya_Kiganjani
Na hiyo ya kwamba saa za mkononi zilianza 1914 si sawasawa. Wanajeshi wa Uingereza walizifunga saa za mfukoni kwenye mikanda ya ngozi mkononi tangu vita ya Makaburu, 1899 hadi 1902. Vita Kuu ilizisambaza tu. Kwa hiyo saa inatusogeza mbele, haitufikishi.

#33 KitiChaMbele
Nilikuja kusoma kuhusu kununa, sasa niko kwenye kesi ya saa.

#34 Kiokote
MguuMmoja, niambie kuhusu kile kiboksi cha stempu. Kama karatasi ni ile ya Kodak iitwayo AZO, kitakuwa na neno hilo limejirudia, na pembe zake huenda zina pembetatu. Wakusanyaji wanazitumia kukadiria: pembetatu zote nne zikitazama juu, ni karibu 1904 hadi 1918. Mbili juu mbili chini, 1918 hadi 1930.

#35 MguuMmoja
AZO ipo!!! Pembetatu zote juu.

#36 Kiokote
Basi kadi ni ya kabla ya 1918 au hapo hapo.

#37 MguuMmoja
Ngoja. Kama moja ya chini inatazama chini. Au ni doa la kutu. Nitaskani kesho nivute.

#38 MtotoWaMwisho
Wakuu mimi nimepitisha picha ya babu kwenye programu ya kupaka rangi, hii hapa. Koti la bluu, kiti cha kahawia, kapendeza.

[picha]

#39 MzeeWaRangi
Kapendeza, lakini koti la bluu umelitoa wapi? Mabamba na filamu za zamani ziliona bluu kuliko kila kitu na karibu hazikuiona nyekundu. Bluu ilitoka nyeupe nyeupe, nyekundu ikatoka nyeusi. Koti hilo jeusi pichani lingeweza kuwa jekundu kama pilipili. Programu inakisia kwa kufuata makoti iliyoyaona kwingine. Ukitaka rangi za kweli tafuta Prokudin-Gorskii, Mrusi aliyezunguka nchi yake kati ya 1909 na 1915 akipiga kila kitu mara tatu kupitia vichujio vyekundu, kijani na bluu. Maktaba ya Bunge la Marekani wanazo. Kuna watu wamevaa mavazi ya rangi hizo hadi unajiuliza kama dunia ya zamani ilikuwa nyeusi na nyeupe kwenye vichwa vyetu tu. Na kumbuka kwenye rangi pia wamenuna.

#40 KichwaMaji
Babu mwenye koti jekundu lililoazimwa na saa iliyoazimwa. Naanza kumpenda.

#41 TumbiliMsomi
Kurudi kwenye mada kabla haijafa. Mwaka 2015 watafiti wa Berkeley walikusanya picha za wanafunzi wa sekondari za Marekani kwenye vitabu vyao vya mwaka, kuanzia 1905 hadi 2013, karibu 38,000, wakaipa kompyuta ipime midomo. Tabasamu linapanda kidogokidogo miaka inavyosogea, na wasichana wametangulia wavulana muda wote. Hakuna siku moja walipoamka wakacheka.

Na hii naiona inampa shida kila mmoja hapa. Kama ni kamera, mwaka 1905 kamera zilikuwa za haraka tayari. Kama ni meno, kwa nini wasichana kwanza? Walikuwa na meno bora kuliko kaka zao?

#42 NgomaYaJuzi
Haimpi shida wa matangazo. Matangazo ya Kodak yalijaa wasichana.

#43 MzeeWaRangi
Wala wa adabu. Mwanamume alitakiwa aonekane mzito kwa muda mrefu zaidi.

#44 TumbiliMsomi
Naona kila mtu amechukua takwimu zangu akaenda nazo kwake.

#45 MamaSukuma_Gari
Nimekuwa nikisoma kimya tangu #1. Ngoja niwape yangu. Tuna picha ya familia ya 1962, watu kumi na mmoja, wamenuna utadhani wanasomewa hukumu. Wiki iliyopita kwa sababu ya uzi huu nikampigia simu mama mkubwa, yeye ni yule msichana wa pili kulia. Nikamuuliza, mama, mbona siku ile mlikuwa na huzuni? Akacheka hadi akakohoa. Anasema walikuwa wamecheka kupita kiasi. Mdogo wao alijamba mpiga picha alipoingiza kichwa kwenye kitambaa cheusi. Wakacheka, picha ya kwanza ikaharibika. Wakajipanga, mmoja akaanza tena, ya pili ikaharibika. Mpiga picha akakasirika, akasema hana vioo vya kuchezea, wakicheka tena anafunga mizigo. Baba yao akawatazama. Ndiyo hiyo picha tuliyonayo.

#46 KitiChaMbele
😂😂😂 Kambi imebomoka.

#47 Safari_ya_Kiganjani
Hii imeniua. Kwa hiyo picha ya kununa ni picha ya watu waliotoka kucheka dakika moja iliyopita.

#48 Pundamilia77
Kwa heshima zote, ni shahidi mmoja, na ni miaka zaidi ya 60 imepita. Kumbukumbu hupikwa upya kila inaposimuliwa. Tena zile mbili zilizoharibika hazipo, hakuna wa kuthibitisha.

#49 MamaSukuma_Gari
Njoo umwambie mwenyewe, mwanangu. Nitakushikia kiti.

#50 BintiWaMakabrasha
Zile zilizoharibika mara nyingi hazipo popote, na hilo ndilo linalonikera katika kazi yangu. Bamba la kioo lililoharibika lilisuguliwa likatumika tena, au lilitupwa. Huenda vicheko vilipigwa vingi tu, ila hakuna aliyenunua picha iliyotikisika. Tunahukumu karne nzima kwa zilizonunuliwa.

#51 NgomaYaJuzi
Biashara tena. Nashukuru kwa kuniunga mkono.

#52 BintiWaMakabrasha
Sijakuunga mkono.

#53 KichwaMaji
Bado nasema meno.

#54 Kiokote
MguuMmoja uko wapi? Siku tano kimya. Pembetatu zinatazama wapi? Na ile penseli: weka taa ndogo pembeni kabisa, mwanga ulale juu ya karatasi, piga kwa simu. Mkandamizo wa penseli huonekana hata maandishi yakiwa yamefifia.

#55 MguuMmoja
Nipo wakuu. Plasta imetolewa jana, natembea kama bata. Habari si nzuri sana. Shangazi alikuja kunipa pole, nikakosea nikamwambia picha si ya 1898, huenda saa si ya babu na koti lilikuwa jekundu. Akanyamaza. Halafu akasema tangu lini mimi najua kuliko yeye, babu alimwona kwa macho yake na mimi nimemwona kwenye simu. Akaiweka kwenye mkoba wake, akaondoka nayo.

#56 MzeeWaRangi
Pole kijana. Mpigie baada ya siku mbili, usitaje saa.

#57 BintiWaMakabrasha
Pole. Lakini angalau nyuma ulikuwa umeshaskani, siyo?

#58 Kiokote
MguuMmoja?

#59 MguuMmoja
Skana iko juu ya kabati, dada.